Muulize Mzee wa Daftari: Mfalme aliyeitwa Kapita, na maswali mengine ya koo za Uskoti

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, kitabu kinene cha nasaba za mabwana wa Uskoti ambacho marehemu baba aliachiwa na mmisionari mmoja wa misheni ya Garenganze, hapa Katanga, aliyekuwa akimpikia. Nilidhani nimepita njia, kumbe nimebisha hodi. Barua zimejaa mezani hadi mama watoto ananiuliza kama mambo ya Katanga yamekwisha, mpaka niende kuhesabu watoto wa watu Ulaya.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa karani miaka 33 kwenye ofisi ya kuandikisha watu, katika komini moja ya hapa Lubumbashi. Vizazi, ndoa, vifo. Na Garenganze ni habari ya Uskoti tangu mwanzo, maana Frederick Arnot aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwaka 1886 alikuwa mzaliwa wa Glasgow. Kitabu chenyewe hakina jalada tena, na mchwa wameimaliza herufi A, kwa hiyo anayetaka habari za akina Arbuthnot atanisamehe. Vyeo vyao nitaviandika kama tulivyovizoea kutoka Kifaransa: konti, duki, baroni.

*Mzee, jambo sana. Nkambo yangu mzaa baba alibatizwa Douglas kule misheni, na sisi wote tumelibeba kama jina la ukoo. Kijana wangu aliye masomoni Afrika Kusini amesoma kwamba Douglas ni mabwana wakubwa wa Uskoti, alama yao moyo mwekundu. Sasa anataka kuuchora kwenye mlango wa gari. Tuna haki? — Baba wa Kamalondo*

Baba wa Kamalondo, mwambie kijana aweke brashi chini kwanza. Nimpe hadithi ya huo moyo, ni nzuri kuliko rangi.

Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, alikufa mwaka 1329. Alikuwa na nadhiri ya kwenda kwenye vita vya msalaba na hakuwahi kuitimiza. Akaagiza moyo wake utolewe kifuani, upelekwe na mwenzake wa vitani, James Douglas. Douglas akautia kwenye kikasha akaondoka nao. Yerusalemu hakufika. Mwaka 1330 aliuawa akipigana na jeshi la Granada pale Teba, kusini mwa Hispania, na moyo ukarudishwa nyumbani ukazikwa kwenye monasteri ya Melrose. Tangu hapo ngao ya akina Douglas ina moyo.

Sasa haki. Huko Uskoti ngao si ya ukoo, ni ya mtu mmoja. Yupo afisa anayeitwa Lord Lyon, ana mahakama yake Edinburgh, na ana daftari la ngao zote lililofunguliwa mwaka 1672 na linaloandikwa hadi leo. (Daftari moja, miaka mia tatu na zaidi! Mimi niliyeona madaftari ya komini yakifungia maandazi, niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo.) Ngao nzima hurithiwa na mrithi mmoja tu. Mdogo wake, wa tumbo lile lile, lazima aende kuandikisha ya kwake yenye alama ya kumtofautisha, labda ukingo wa rangi au nyota pembeni. Anayetumia ya mwenzake anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo hata Douglas halisi aliyezaliwa wa pili hana ruhusa ya kuchora ngao ya kaka yake mlangoni. Hapa kwetu hakuna askari wa Lyon atakayemsimamisha kijana. Wale wa rompwe, kwenye mzunguko wa barabara, watamtafutia kosa lingine.

Lakini nadhani swali lako la kweli ni jina: mtu akiitwa Douglas, ana damu ya Douglas? Hapana, na si kwenu tu. Huko kwao pia wakulima wengi walichukua jina la bwana wa ardhi waliyolima, au la mkuu aliyewalinda. Na wengine walinyang'anywa majina. Mwaka 1603 mfalme James wa Sita alilipiga marufuku jina MacGregor, baada ya ukoo huo kuwaua watu wengi wa Colquhoun pale Glen Fruin. Kuitwa MacGregor ikawa kosa la kuuawa. Wakajiita Campbell, Murray, Drummond, jina lolote lililokuwa karibu. Marufuku iliondolewa, ikarudishwa, ikafutwa kabisa mwaka 1774. Sasa wewe shika kitabu cha parokia cha mwaka 1700 uone Campbell, useme ni Campbell!

Mimi sihitaji kwenda Glen Fruin kulielewa hilo. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka miwili kazini ilipotoka amri ya kuacha majina ya ubatizo. Foleni ilizunguka jengo. Mtu aliingia Joseph, akatoka na jina la nkambo yake. Mzee mmoja alifika kwenye dirisha langu bila kujiandaa. Nikamuuliza jina jipya. Akatazama dari, akatazama kalamu, akaniambia, "Mwanangu, niandikie la baba yako." Watu walikuwa wanasukumana nyuma yake. Nikamwandikia la baba yangu.

Leo kuna familia nzima Katuba inayoitwa kama sisi. Miaka thelathini baadaye kijana wao alimpenda binti wa mdogo wangu, na wazee wa pande zote mbili wakakataa: hawa ni ndugu, jina moja, mwiko. Ikabidi nisimame mbele ya kikao, na fimbo yangu, nieleze dhambi ya kalamu yangu. Walioana. Basi kijana wako nkambo yake alipewa Douglas kwa maji ya ubatizo, na mimi nimewapa watu wa Katuba baba yangu kwa wino.

*Mzee mwenzangu, salamu. Marehemu kaka yangu aliacha parseli (kiwanja), na mabinti watupu. Binti wa kwanza alikufa, binti yake naye akafa, amebaki kijana wake. Binti wa pili alikufa, ameacha mtoto wa kiume, mtu mzima. Huyu anasema: mimi ni mjukuu wa marehemu, niko karibu. Yule anasema: mimi ni kitukuu, lakini ni wa nyumba ya mkubwa. Wanataka kupigana. Hao Wazungu wako wangeamuaje? — Mzee wa Ruashi*

Mzee wa Ruashi, umeandika kesi ya mwaka 1291 bila kujua. Niliposoma barua yako nilimwomba mjukuu aniletee mahindi kidogo, nikayapanga mezani. Fanya hivyo na wewe, kwa maneno matupu utapotea.

Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti alikufa Machi 1286. Usiku, dhoruba, farasi wake akapotea njia ufukweni karibu na Kinghorn, asubuhi akakutwa amevunjika shingo. Watoto wake wote walikuwa wamemtangulia. Alibaki mjukuu mmoja, Margaret, mtoto mdogo aliyekuwa Norwe, na huyo naye akafa mwaka 1290 akiwa njiani kuletwa. Nyumba ikawa tupu. Wakajitokeza watu 13 kudai kiti.

Wengi wao ni wa kupita tu. Weka punje moja juu: huyo ni David, konti wa Huntingdon, ndugu wa wafalme wawili, aliyekuwa amekufa tangu 1219. Chini yake weka punje tatu, mabinti zake kwa umri: Margaret, Isobel, Ada. Chini ya Margaret weka binti yake Dervorguilla, na chini ya Dervorguilla mwanawe John Balliol. Huyo ni kitukuu, wa nyumba ya mkubwa. Chini ya Isobel weka mwanawe Robert Bruce, babu wa yule mwenye moyo. Huyo ni mjukuu, mzee wa miaka themanini hivi, wa nyumba ya pili. Chini ya Ada weka mwanawe Henry, na chini ya Henry, John Hastings. Punje zimekaa? Sasa mtazame kijana wako wa Ruashi na mjomba wake, wameketi hapo hapo.

Bruce akasema: mimi niko hatua moja karibu zaidi na David. Balliol akasema: hatua si kitu, nyumba ya mkubwa haijaisha, na mdogo hawezi kuingia wakati kwa mkubwa kuna mtu. Hastings akasema neno ambalo wengi hulisahau: bwana akifa na mabinti, ardhi hugawanywa sawa kwa mabinti wote, basi ufalme ukatwe vipande vitatu. Na sikiliza ujanja. Bruce alipoona anaelekea kushindwa, aligeuka akaungana na hoja ya Hastings, ili apate japo theluthi.

Waamuzi walikuwa 104: 40 waliochaguliwa na Bruce, 40 na Balliol, na 24 wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliyeitwa kusuluhisha. Tarehe 17 Novemba 1292, mjini Berwick, ikasomwa hukumu. Ufalme haugawanyiki, na nyumba ya mkubwa hutangulia. Balliol akapewa kiti.

Ila msuluhishi hakuja bure. Kabla ya kusikiliza lolote, Edward aliwataka wadai wote wakubali kwamba yeye ni bwana wa juu wa Uskoti, na wakakubali, kila mmoja akihofia kumwachia mwenzake nafasi. Miaka minne baadaye Edward huyo huyo alimvua Balliol ufalme. Mzee mwenzangu, kabla hujamtafuta mtu wa kuwapatanisha vijana wako, mwangalie anakaa parseli ya jirani au wapi.

Na usiichukue hukumu ya Berwick ukaipeleka mahakamani hapa. Parseli si ufalme. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wote wa marehemu sehemu sawa, wa kike kwa wa kiume, na mtoto aliyekwisha kufa anawakilishwa na wazao wake. Kwa hiyo kitukuu anasimama mahali pa nkambo yake, mjukuu mahali pa mama yake, na wote wanagawana. Yaani Hastings, aliyechekwa mwaka 1292, hapa Lubumbashi angeshinda. Na kama mna Mlamba wa kizamani, mtu wa kabila la Walamba, katika ukoo, atawaambia wote wawili wanyamaze, maana kwake mrithi ni mpwa, mtoto wa dada wa marehemu.

*Mzee, shikamoo. Mwalimu wetu alisema wafalme Stuart walitokana na watumishi. Ni kweli au ni dharau? Na kwa nini mara Stewart, mara Stuart? — Mwanafunzi, Kasapa*

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli, na si dharau. Mwanzo wa jina ni kazi.

Karibu mwaka 1136 mfalme David wa Kwanza alimpokea Walter mwana wa Alan, kijana wa familia iliyotoka Dol, Bretagne, ambako wazee wake walikuwa wasimamizi wa nyumba ya bwana wa pale. David akampa kazi ile ile: kusimamia nyumba ya mfalme, chakula, watumishi, mapato. Sisi watu wa migodi tuna neno lake kamili: kapita. Kazi ikafanywa ya kurithi, kapita akamzaa kapita, na baada ya vizazi kadhaa watu wakaacha kuitaja kama kazi, wakaitaja kama jina. Hapa mjini ninawajua akina Kapita watatu, nkambo zao waliongoza timu za wachimbaji. Wangekaa karibu na mfalme miaka mia mbili, nani anajua.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1315 kapita wa sita, Walter, alimwoa Marjorie, binti wa Robert Bruce. Marjorie akafa mapema, akaacha mtoto mmoja, Robert. Mwana wa Bruce alipokufa bila mtoto mwaka 1371, kiti kikaenda kwa huyo Robert, akiwa na miaka 54. Stewart wa kwanza kuvaa taji. Ule mwandiko wa Stuart ni wa Kifaransa, ulishika kwa sababu ya malkia Mary, aliyepelekwa Ufaransa mwaka 1548 akiwa na miaka mitano, akakulia huko.

Lakini utamu uko kwa Robert huyo wa Pili. Alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza, Elizabeth Mure: walizaa kwanza, ndoa baadaye, na walikuwa na undugu ambao Kanisa lilikataza, ikabidi Papa atoe ruhusa mwaka 1347 ndipo watoto wahesabiwe halali. Elizabeth akafa. Mwaka 1355 akaoa nyumba ya pili, Euphemia wa Ross, ndoa safi isiyo na doa. Unaona kesi inavyojipika? Watoto wa Euphemia, na wajukuu zao, walikuwa na neno moja la kunong'ona: wale wa kwanza walizaliwa nje. Robert aliusikia mnong'ono, akaitisha bunge mwaka 1371 na tena mwaka 1373, likaandika watoto wa kiume kwa majina na zamu zao, nyumba ya kwanza mbele.

Karatasi ilinyamazisha midomo, mioyo haikunyamaza. Mwaka 1437, mjukuu wa nyumba ya kwanza, mfalme James wa Kwanza, aliuawa usiku mjini Perth. Alipasua sakafu akajitupa kwenye mfereji wa maji machafu ili atokee nje. Inasimuliwa kwamba siku chache kabla aliagiza mfereji huo huo uzibwe, kwa sababu mipira yake ya tenisi ilikuwa ikipotelea humo. Aliyekatwa kichwa kama mkuu wa njama alikuwa Walter, konti wa Atholl, mzee, mwana wa mwisho wa Euphemia. Yaani baba mdogo wa marehemu.

Nimeandikisha nyumba mbili-mbili nyingi katika maisha yangu. Ukiona mzee anakuja ofisini akiwa na afya yake, na orodha ya watoto mkononi, anataka ipigwe muhuri, ujue anasikia mnong'ono.

*Baba, mimi ni mjane. Kwenye hivyo vitabu vyako mwanamke yupo, au yupo kama mlango wa kupitishia watoto wa kiume tu? — Mama wa Katuba*

Mama, yupo, na mara nyingine amesimama peke yake. Mwaka 1306 Robert Bruce, mjukuu wa yule mzee wa punje za mahindi, alikwenda Scone kutawazwa. Kwa desturi, aliyemkalisha mfalme kwenye kiti ni mtu wa ukoo wa MacDuff, konti wa Fife. Konti mwenyewe alikuwa mikononi mwa Waingereza. Akaja dada yake, Isabella. Mume wake, konti wa Buchan, alikuwa upande wa maadui wa Bruce, lakini Isabella akaja hivyo hivyo. Akachelewa siku moja, ikabidi Bruce akalishwe mara ya pili, kwa mkono wa mwanamke. Edward alipomkamata alimfungia kwenye kizimba cha mbao na chuma ndani ya ngome ya Berwick, akakaa humo miaka minne. Mlango tu hafungiwi kizimbani.

Kwenye urithi wa vyeo, Uskoti ni laini kidogo kuliko Uingereza. Vyeo vyao vingi vya kale huenda kwa binti kama mwana hakuna. Mwaka 1963 alikufa duki wa Sutherland bila mtoto. Alikuwa na vyeo viwili kichwani: uduki ulioandikwa kwa wanaume tu, na ukonti wa kale usiobagua. Vikatengana siku ile ile. Uduki ukaenda kwa ndugu wa kiume wa mbali, ukonti kwa Elizabeth, binti wa mdogo wake, akawa nao hadi alipokufa mwaka 2019.

Mar ni kichekesho zaidi. Konti wa Mar alikufa mwaka 1866 bila mtoto. Mtoto wa dada yake akajitangaza konti. Ndugu wa upande wa kiume, wa nyumba ya Kellie, akapinga: cheo hiki malkia Mary alikitoa upya mwaka 1565, ni cha wanaume. Mwaka 1875 Baraza la Malodi likampa haki Kellie. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 1885 bunge likapitisha sheria kwamba kweli, cha 1565 ni cha Kellie, ila cha kale nacho kipo, apewe mtoto wa dada. Tangu hapo kuna Mar wawili. Mwaka 1975 kile cha kale kiliangukia kwa mwanamke, Margaret.

Na hili utalipenda: kwenye hati na makaburi ya Uskoti mwanamke aliyeolewa huandikwa kwa jina la kwao. Mtafuta nasaba hapotezi mama. Hapa nimeona kaburi limeandikwa "Mke wa Fulani", basi, kama vile alizaliwa siku ya harusi.

*Kuna watu kwenye intaneti wanauza kipande cha ardhi Uskoti, ukubwa wa kitabu, kwa dola chache, unakuwa "lodi" na cheti unatumiwa. Ninunue? — Kijana wa komini ya Kenya*

Hapana. Viwanja vya ukumbusho vya namna hiyo haviingizwi hata kwenye daftari la ardhi la Uskoti, na Lord Lyon haoni chochote hapo. Kwa dola hizo kula bukari na samaki, ubaki na shibe.

*Mzee, sisi Waluba tuna kasala, mtu anatajiwa wazee wake wote hadharani. Wazungu walikuwa na kitu hicho, au daima karatasi? — Mwalimu mstaafu, Kampemba*

Mwalimu, walikuwa nacho. Mwaka 1249, mtoto Alexander wa Tatu, huyu huyu wa farasi, alitawazwa Scone akiwa na miaka saba. Mzee mmoja wa milimani akapiga magoti mbele yake, akamsalimu kwa Kigaeli, akaanza: Alexander mwana wa Alexander, mwana wa William, mwana wa Henry, mwana wa David. Akaendelea bila karatasi, kizazi hadi kizazi, akavuka bahari, hadi akamfikisha kwa Scota, binti wa Farao wa Misri.

Hapo kwa Farao utacheka. Lakini tazama tano za kwanza: zote sahihi. Hata Henry yumo, ambaye hakuwahi kuwa mfalme, alikufa kabla ya baba yake. Orodha ya wafalme ingemruka. Mzee wa milimani hakumruka, kwa sababu alikuwa akihesabu damu, si viti. Ndivyo ninavyosikiliza kasala pia: vizazi vya karibu nanoti, vya mbali nafurahia.

*Mzee, mama yangu aliambiwa kwamba baba yake alikuwa Mskoti, fundi wa mitambo, aliyekuja na watu wa Robert Williams. Aliondoka mama akiwa mdogo. Tuna picha moja na cheti cha ubatizo cha mama chenye jina la baba. Naweza kumpata? Na inawezekana alikuwa wa ukoo wa mabwana? — Dada wa mtaa wa Golf*

Dada, nianze na la pili. Williams mwenyewe, aliyeleta kampuni ya Tanganyika Concessions na kushiriki kuanzisha kampuni ya migodi ya Union Minière mwaka 1906, alizaliwa Aberdeen mwaka 1860 na kwao hawakuwa mabwana. Cheo cha baroneti alikipata mwaka 1928, kwa shaba yetu na kwa reli ya Benguela. Fundi wake wa mitambo, mtafute kwa mafundi.

La kwanza linawezekana kuliko unavyodhani. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Januari 1855, na makarani wale, Mungu awape raha, waliuliza maswali. Cheti cha kuzaliwa kinataja baba, mama kwa jina la kwao, na siku na mahali wazazi walipooana, isipokuwa vile vya kati ya 1856 na 1860 ambavyo havina ndoa ya wazazi. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wanne wote. Cha kifo pia kinataja baba na mama wa marehemu. Ukipata kimoja, umeshika kamba. Kabla ya 1855 unaingia vitabu vya parokia, na cha zamani kuliko vyote ni cha Errol, cha mwaka 1553, lakini huko usikimbilie.

Tovuti ya serikali yao inaitwa ScotlandsPeople. Kutafuta jina ni bure, unalipia kuiona karatasi yenyewe. Vizazi vinaonekana baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50, kwa hiyo nkambo yako ameshafunguliwa. Usianze na jina peke yake, maana John Stewart utapata wa kujaza uwanja wa Kibassa Maliba. Anza na cheti cha mama: jina la baba limeandikwaje, herufi kwa herufi, kwa sababu padri Mbelgiji aliyeandika jina la Kiskoti alisikia kwa masikio yake. Geuza picha utazame nyuma, mara nyingi kuna muhuri wa mpiga picha na mji. Kisha niandikie hayo yote, pamoja na mwaka wa kuzaliwa hata kama ni wa kukisia. Cheti niletee nakala, chenyewe usikitoe nyumbani hata nikikuomba.